Mama Mkwe na Pampu ya Oili

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtu ambaye hata kumtazama machoni siruhusiwi. Mama mkwe wangu.

Mnajua mimi nauza spea hapa Mbinga mjini. Kuuza, si kufunga. Kila kifaa nakijua kwa jina, ila kinavyokaa ndani ya injini, hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa. (Leo nimeulizwa.)

Marehemu baba mkwe aliacha pikapu ya zamani, imenizidi umri. Imebeba kahawa kutoka Mkumbi miaka na miaka. Mwaka jana presha ya oili ikashuka, injini ikaanza kugonga, ikaegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wakahamia. Juzi tukasikia mama amekubali kumpa mtu wa vyuma chakavu aikate vipande. Mke wangu Imelda alilia. Alijifunzia kuendesha humo humo. Nami kwa kiherehere changu nikasema, "Isiuzwe. Ni gia za pampu ya oili tu, zimelika. Ninazo dukani, hakuna anayeziulizia."

Mama akajibu, kupitia kwa Imelda, kwamba nimepewa mpaka leo adhuhuri.

Kupitia kwa Imelda, ndiyo. Kwa wazee wa familia yao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Unatoa shikamoo kwa mbali, macho chini, unaitikiwa marahaba, basi. Mengine yote yanapita kwa mke, hata kama kati yenu ni hatua nne tu.

Asubuhi nikaingia chini ya gari. Nikamwaga oili, nikafungua sampo, lile bakuli la chini, nikashusha pampu. Gia zimelika kweli (nilijipongeza). Nikaweka mpya, zinang'aa, nikafunga na gasketi mpya, nikarudisha kila kitu, nikajaza oili safi. Saa tano mtu wa vyuma chakavu akafika na nyundo yake. Akapewa kiti na chai. Nikamwambia, "Kunywa taratibu, bwana. Leo unarudi mikono mitupu."

Nikawasha. Injini ikaitika, lakini mshale wa presha ya oili haukutikisika. Nikazima. Nikawasha tena. Sifuri. Ndani kukaanza kugonga, kugonga kukavu kabisa. Nikazima haraka, jasho linanitoka.

Nikafungua tena kila kitu, oili nikaikinga kwenye beseni. Nikashika pampu mkononi, nikaigeuza huku na huku. Haina kasoro. Mtu wa vyuma akaweka kikombe chini. Ikabidi niseme, tena kwa sauti ya daktari: "Imelda, mwambie mama injini imekufa. Tatizo liko ndani zaidi. Huyu bwana aichukue tu."

Imelda akainama. Mama alikuwa barazani anachambua kahawa. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Imelda, muulize mwenzako, pampu aliijaza kabla ya kuifunga?"

"Anauliza..." Imelda akaanza.

"Nimesikia. Mwambie oili ilikuwa imejaa, nilipima."

"Sijauliza oili ya injini," mama akasema. "Nauliza pampu yenyewe."

Nikakaza macho kwenye spana.

"Mwambie gia kavu hazivuti kitu, zinazungusha hewa tu. Si yeye aliyetuuzia pampu ya maji ya kitalu cha kahawa? Akatukanya tusiiwashe kavu, tuijaze maji kwanza?"

Ndugu zangu, maneno yale ni yangu. Namwambia kila mteja wa pampu ya maji, tena kidole nimekiinua juu. Mtu wa vyuma alicheka mpaka akashika mbavu.

Mama akaingia ndani, akatoka na kopo la mafuta ya mgando, yale anayojipaka miguuni. Akakaa mkekani, Imelda akampelekea pampu. Akafungua kifuniko, akayashindilia mafuta katikati ya meno ya gia, taratibu, bila hata kutazama. "Baba yako alikuwa akilala chini ya gari kufunga," akamwambia Imelda, "pampu nilijaza mimi." Miaka saba nakula kwenye nyumba ile, na kila siku nasikia sifa za marehemu kwa ufundi. Sikujua kwamba mafundi walikuwa wawili. Nilishangaa hadi nikasahau kuona aibu.

Imelda akanirudishia pampu. Nikafunga, nikajaza oili, nikawasha. Mshale ukalala kwenye sifuri kwa muda wa kumeza mate, kisha ukapanda. Ukapanda mpaka katikati, ukakaa. Kugonga kukaisha. Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza. "Ndiyo yenyewe," akasema, wala hakuwa anamwambia mtu.

Mtu wa vyuma akaokota nyundo yake. "Fundi, nikija dukani kwako, nitahudumiwa na wewe au na mama?"

Imelda alishakamata usukani, mama kapanda kiti cha mbele, anataka kuisikia ikipanda mlima. Mimi nikapanda nyuma, pamoja na kuku mmoja aliyegoma kuhama.

Sasa nawaomba: anayetaka kunicheka asinicheke usoni. Kicheko ampe Imelda, atanifikishia.