Ombi la Asali Lazima Lifuatiliwe

Jumatatu, 3 Machi 2003
Siku ya historia. Tovuti ya Kikundi cha Wafuga Nyuki Mungaa imekamilika. Kurasa mbili, picha moja ya mzinga, picha tatu zangu. Kaitengeneza Kalpesh, mwenye duka la kompyuta hapa Singida Mjini. Anasema tovuti isiyo kwenye ile orodha kubwa ya tovuti za dunia ni sawa na duka lililofunguliwa porini. Orodha yenyewe inapangwa na wahariri wa kujitolea. Tukajaza fomu, tukatuma. Kisha akaniambia nikae nisubiri, kama wiki moja hivi.

Kusubiri! Nimekuwa karani wa masijala miaka ishirini na mbili, mpaka serikali ilipotupunguza kazini. Najua faili lisilofuatiliwa hufa. Mengine nimeyazika kwa mikono yangu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya tarehe 15. Nimewaahidi wanachama kwamba siku hiyo tutakuwa ndani ya orodha. Nikishindwa, uenyekiti unakwenda kwa Asnath, katibu wetu. Nasikia ameshashona kitenge cha siku hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kuulizia. Hakuna kitu. Nikatuma ombi la pili, safari hii kwa utaratibu: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Fomu inapokea maneno ishirini na tano tu. Ilijaa nikiwa bado kwenye salamu.

Nilimkuta Obadia dukani. Huyu alikuwa tarishi wangu, akinibebea mafaili kwa baiskeli. Leo eti ni mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Kinyangiri, na wao wana tovuti. Akatuma ombi lake mara moja, akanipa shikamoo, akaenda kuwahi basi. Hata risiti hakuomba. Nilimhurumia kwa dhati.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelifikiria sana hili neno kujitolea. Hakuna mtu anayefanya kazi bure, sikuzaliwa jana. Nikabeba chupa ya asali ya lita moja, nikaiweka kimya kimya pembeni ya kompyuta, nikamwambia Kalpesh aifikishe kwa mhusika. Akauliza mhusika gani. Nikamkonyeza. Mama yake, Bi Vasanti, akatokea, akadhani ni zawadi ya nyumbani kwao, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Wameila na chapati. Nimetuma ombi la sita.

Jumamosi, 8 Machi
Mbinu mpya. Ombi moja limetoka kwa mwenyekiti. La pili kwa mwanachama wa kawaida. La tatu kwa mtalii, Bwana Urbano wa Ulaya, aliyeonja asali yetu akalia. Kalpesh akaniambia wahariri hawapendi sifa, wanataka maelezo tu. Nikamjibu kwamba Bwana Urbano ana haki ya kutoa maoni yake.

Jumatatu, 10 Machi
Asnath amekuja mjini. Ameuliza ombi la orodha limefikia wapi. Nikasema linashughulikiwa. Akauliza na nani. Swali halina adabu hata kidogo. Akasema wanachama wanauliza, na wengine wana mashaka kama hiyo orodha ipo kweli. Alipoondoka nikaenda kutuma ombi moja. Jioni jingine.

Jumatano, 12 Machi
Barua! Imeingia kwenye sanduku langu la kompyuta. Mhariri wa ukurasa wetu ni dada anayeitwa Jenipher, Mtanzania, muuguzi huko nje. Kazi hii huifanya akitoka zamu, na kweli halipwi. Ameanza na shikamoo. Kisha akaandika kwamba ombi langu la tarehe tatu lilikuwa la nne kwenye foleni, na lingeingia wiki hiyo hiyo. Lakini nikituma upya, la zamani linafutika na tarehe inabadilika, narudi mwisho wa foleni. Nimeshatuma mara kumi na tisa. Anasema hajawahi kuona. Anamsalimia Bwana Urbano.

Akamalizia kwa kuniomba, kwa heshima zote, nisiguse kitu. Foleni imepungua, na Ijumaa jioni atalifikia ombi letu.

Kalpesh alisoma begani kwangu. Akasema si alinionya. Hakunionya. Alinishauri tu.

Alhamisi, 13 Machi
Sikwenda mjini kati. Dorkas, mke wangu, amenipeleka kupalilia vitunguu ili mikono ipate kazi. Nimepalilia na baadhi ya vitunguu. Kuanzia asubuhi hadi jioni sijatuma kitu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeamka na wazo lililonitisha. Yule dada ameniandikia barua rasmi, na mimi sijakiri kuipokea! Miaka ishirini na mbili sijawahi kuacha barua bila majibu. Saa mbili nilikuwa dukani. Kalpesh alikuwa nyuma anakunywa chai. Nikafungua fomu ile ile, kwa kuwa jambo hurudi kwa njia liliyopitia, nikaandika: "Nakiri kupokea barua yako na kuthibitisha kwamba sitatuma tena maombi." Nikatuma.

Kalpesh akatoka na kikombe, akaona, akakaa chini. Baadaye akasema ningeweza kujibu ile barua yenyewe, kuna kitufe chake. Sasa ndiyo ananiambia.

Jumamosi, 15 Machi
Mkutano, Mungaa. Asnath kavaa kitenge kipya. Akasimama na karatasi aliyochapishiwa na Kalpesh: ukurasa wa asali wa ile orodha. Mstari mmoja tu. Wafuga Nyuki wa Kinyangiri. Akausoma mara mbili, polepole, na mzee mmoja nyuma akaomba arudie.

Nikaeleza kwamba Kinyangiri wametuma ombi moja tu, sisi tumetuma ishirini, kwa hiyo kwa juhudi tumewazidi. Hakuna aliyepiga makofi. Kura: Asnath thelathini na tatu, mimi moja. Dorkas naye ni mwanachama. Njia nzima ya kurudi alikuwa anatazama nje.

Nimeumia, sifichi. Tangu nipunguzwe kazini hakuna aliyekuwa akiniita kitu chochote, mpaka wafuga nyuki waliponiita mwenyekiti. Leo mtoto wa jirani amenisalimia kwa jina tu la Melkizedeki. Nimekaa na hilo jina jioni nzima.

Jumatatu, 17 Machi
Lazima niseme ukweli, Asnath ana utu. Amepanda basi kutoka Mungaa kuja kuniambia mwenyewe. Amemwandikia Jenipher, wameelewana. Huyo dada atatuingiza Jumatano asubuhi bila foleni, mradi fomu isiguswe na mtu yeyote. Akaniita mzee wangu. Akasema kikundi bado kinanihitaji kwa ushauri, na akaniomba niahidi kutoigusa fomu. Nikaahidi mbele ya Dorkas. Dorkas akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia. Tulikunywa chai kwa amani, na moyo wangu ukapoa kabisa.

Asnath alipoondoka ndipo nikakumbuka. Fomu inasema mwenyekiti ni Melkizedeki! Taarifa ya uongo, tena mbele ya dunia nzima, na anayeumia ni Asnath wa watu. Je, mtu wa masijala anaweza kulala na hilo? Nikavaa viatu. Kalpesh aliponiona mlangoni akazima kompyuta zote, akasema umeme hakuna, huku feni inazunguka. Sikubishana. Kuna duka jingine karibu na stendi.

Nimetuma marekebisho, mafupi, yenye jina la mwenyekiti mpya kwa herufi kubwa. Halafu nikatuma ombi jingine kuulizia kama hayo marekebisho yamefika. Asnath sijamwambia. Nataka aone mwenyewe Jumatano.