Okidi wa Rugema Ajifungua

Siku Rugema alipowaona akina mama wa kanisa wamempa mgongo bibi harusi ili wapige picha na ua la okidi lililokuwa mezani, alijua Mungu amemfungulia mlango. Mlango wa wapi, hakuuliza. Akanunua okidi moja, akachekecha vumbi la mbao kwa seremala, akalifunga katika vikaratasi. Mbegu ya okidi kweli ni laini kama vumbi. Gisenyi nzima nani angembishia?

Okidi hiyo moja ndiyo ilikuwa duka lake. Bila hiyo, alikuwa mtu mwenye vumbi mfukoni tu.

Sebuleni kwa Mukantwari, mama mwenye nyumba za kupangisha, Rugema alikohoa kichungaji na kutoa Kiswahili chake cha Bukoba.

"Mama yangu, wengine huotesha okidi maabara; maabara ya nini? Mbegu hii haina chakula chake. Unainyunyiza hapa, kwenye mizizi ya mama yake, inanyonya. Kisha nakuachia maganda haya ya mti yenye mbegu, naenda zangu na mama yake."

"Inanyonya?"

"Kama mtoto. Haki ya Mungu!"

Akanyunyiza, akalipwa, akanyoosha mkono achukue chungu chake. Mukantwari alikuwa ameshakikumbatia.

"Unamupeleka wapi?"

"Nyakiriba, mama. Wateja wananingoja."

"Mwanamuke amezaa sasa hivi, mu nyumba yangu, unamupandisha pikipiki? Muzazi hatoki, mutoto hata jina hana! We baba, uko na roho kweli?"

"Mama, hili ni ua tu..."

"Ua tu? Donc, kumbe hainyonyeshe? Bon, rudisha franga zangu."

Rugema alifungua mdomo. Mfuko ukamshauri aufunge.

Basi mzazi akaingizwa chumbani, pazia likashushwa. Jirani, Kaltumu, akafika na uji wa mtama, nyuma yake kwaya nzima imekuja kumpa mzazi pole.

"Baba mutoto," akaita Mukantwari, "wageni watakunywa maji?"

Malipo yote ya Rugema yakaishia kwenye kreti za Fanta.

Jumamosi, akipita kanisani, Rugema alimwona okidi wake mbele ya maharusi, ana utepe shingoni. Mlangoni, shangazi wa bwana harusi alikuwa akimkabidhi Mukantwari bahasha ya pesa za kukodi ua.

"Si ulisema mzazi hatoki?" Rugema akamuuliza.

"Amekuja kushukuru Mungu." Bahasha ikazama kwenye pochi. "Na we, baba mutoto, umekuja mikono mitupu?"