Siku Nilipokula Kiapo Kwamba Nakaa Bruxelles

Wapendwa, leo nimevuliwa nguo mbele ya mabara manne. (Nguo nilivaa. Nilivaa hata za ziada, mtaona.) Uzi umekataa kuingia kwenye sindano, kwa hiyo acha niwaandikie.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi wa kushona hapa Kapata, mtaa wa wachimba migodi mjini Kolwezi, nakaa na mama yangu kwenye nyumba ya kampuni aliyotuachia marehemu baba. Msilolijua ni kwamba tangu mwaka juzi najifunza Kiveshu. Msikitafute kwenye ramani, hakipo. Ni lugha iliyotungwa kwa ajili ya filamu, ile ya watu wanaoishi ndani ya mlima. Wenzangu waliangalia ile filamu wakasinzia. Mimi niliangalia nikaduwaa, na hadi leo sijaduwauka.

Jamani, Kiveshu! Mtu alikaa mezani akatunga lugha nzima, na ndani yake kitenzi kinabadilika mwisho kufuatana na unasemea wapi, chini ya mwamba au chini ya mbingu. Kuna salamu ambayo anapewa tu mtu aliyetoka chini muda huo huo, uso ukiwa bado na vumbi. Baba yangu alitoka chini mgodini kila siku kwa miaka ishirini na sita, na sisi tulimwambia "bonsoir, papa" kama mtu aliyetoka ofisini. Siku nilipojifunza ile salamu nililia juu ya suruali ya mteja. (Ilikauka. Hakujua.)

Wanaonifundisha ni kundi la mtandaoni, watu kama arobaini hivi, wa Poland, Brazil, Japan, Québec. Tunaandikiana kwa Kifaransa cha kubahatisha na kusemezana kwa Kiveshu. Mkubwa wetu anajiita Oroveth, maana yake Jiwe la Kwanza. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Kamera hawashi, picha yake ni jiwe. Lakini ndiye aliyekusanya kamusi neno kwa neno, ndiye aliyerekodi masomo yote kwa sauti nzito, ya polepole, yenye lafudhi ambayo niliamini ni ya Ulaya ya juu kabisa, huko kwenye theluji. Nilimheshimu kuliko padri wetu. Miezi kumi na minane nimeiga lafudhi ile mbele ya kioo, nikivuta mashavu, mpaka mama akaniuliza kama ni jino.

Sasa uongo wangu. Siku ya kwanza kundini kila mtu aliulizwa anakaa wapi. Mmoja akaandika Warszawa, mwingine Montréal, na mimi vidole vyangu vikaandika "Bruxelles". Sijafika hata Kinshasa! Niliona haya tu. Nilijua nikisema Kolwezi wataanza kunionea huruma na kuniuliza habari za kobalti, wakati mimi nataka vitenzi.

Leo ilikuwa siku ya mtihani wangu wa Usemaji. Duniani kote kuna Wasemaji kumi na mmoja, na ni Msemaji peke yake anayeruhusiwa kufundisha wengine. Nilikitaka cheo hicho kuliko nilivyowahi kutaka ndoa. (Mama, ukisomewa hii, ni utani.) Mwisho wa mtihani kuna kiapo, kwa sababu Mveshu hapiti mlango wa mlima bila kutaja jiwe lake, yaani kwao. Anayetaja uongo anarudishwa mwanzo kabisa, mwaka mzima darasani na wale wanaojifunza kuhesabu. Kiapo hicho alikitunga Oroveth mwenyewe.

Asubuhi nikajipanga. Bruxelles saa hizi kuna baridi, kwa hiyo nikavaa pulova ya sufu na skafu. Hapa mvua imekatika siku tatu na jua linachoma bati. Nyuma yangu nikatundika shuka jeupe lifunike cherehani, gauni la bibi harusi lisiloisha, na kabati la vyombo la mama. Nikajiangalia kwenye simu. Kweli nilifanana na mtu wa Ulaya, ila mwenye homa.

Kabla sijakaa, Tata Salumu akabisha hodi. Tata Salumu ni jirani, mtu wa asili ya Maniema, dereva wa lori, anapeleka mizigo Mutshatsha mpaka Kisenge. Nyumba yake iko mstari wa nne nyuma yetu. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayasema haraka kama anayaogopa. Alikuja kuulizia kanzu yake.

"Mama Mado, ile kanzu yangu iliisha?"

"Tata Salumu, kuya kesho. Leo niko na examen na bazungu."

Akaiangalia ile pulova, akaangalia jasho. "Uko mugonjwa?"

"Niko muzima, Tata. Ni bitu ya internet, hautaelewa."

"Haya. Bon courage, mama. Na mi niko na ka-réunion."

Akaenda zake. Nikatabasamu kidogo, nikidhani ni mkutano wa madereva.

Mtihani ulipangwa saa sita mchana. Mgodi wa jirani huwa unapasua mwamba kwa baruti kwenye saa saba, hilo nililijua, na niliona nina nafasi ya kutosha. Ila kabla yangu alikuwapo mama mmoja wa Japan. Oroveth alimuuliza swali dogo tu kuhusu maji, akajibu kwa ushairi, na ushairi ukachukua karibu saa nzima. Ulikuwa mzuri mno. Nilisikiliza mdomo wazi, nikasahau kabisa kuangalia saa.

Zamu yangu ikafika. Oroveth akaniuliza, nikajibu. Akanipeleka chini ya mwamba, nikabadilisha vitenzi. Akanitoa nje chini ya mbingu, nikavigeuza tena, hakuna hata kimoja kilichoniponyoka. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi lakini moyo ulikuwa unaimba. Mbrazili akaandika pembeni: "Sikieni lafudhi yake! Ni Oroveth mtupu!" Nikavimba kichwa.

Kikaja kiapo. Oroveth akauliza kwa ile sauti ya ndani ya mlima: "Oro thelu?" Jiwe lako liko wapi?

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilikuwa na pumzi mbili nzima za kusema kweli. Nikanyoosha shingo kwenye skafu nikasema: "Oro ne Bruxelles."

Ilibaki tu wale arobaini wajibu neno moja, "Sanavel", yaani tumesikia, na ningekuwa Msemaji. Hawakuwahi kulisema, kwa sababu mgodi ukapasua.

Niwaeleze msiokaa huku. Mlipuko ukija, mtu wa hapa hakimbilii nje wala haiti Mungu. Anakumbatia kabati la vyombo. Tumekua hivyo, tangu utoto mikono inafika kwenye sahani kabla ya akili. Nyumba ikaruka, nami nikaruka nayo, visikio vikiwa bado masikioni. Shuka likaanguka. "Mama, masahani! Shika masahani!" nikapiga kelele, na mama akatokea jikoni akakumbatia kabati upande wa pili.

Na hapo hapo, ndani ya masikio yangu, nikasikia mlipuko ule ule, halafu Oroveth, Jiwe la Kwanza, mwalimu wa mabara manne, anapayuka haraka haraka:

"Mama Zaina! Shika masahani! Masahani, weee!"

Kikafuata kishindo cha chombo kuvunjika. Kwake, si kwetu.

Watu arobaini wananitazama: pulova ya sufu juu, kitenge cha nyumbani chini, soksi, gauni la bibi harusi likining'inia bila mikono, vumbi likinyesha taratibu kutoka darini. Mama akauliza kwa sauti kubwa, "Niachilie sasa?"

"Ni nini hicho?" akauliza dada mmoja wa Québec.

"Radi," nikasema.

"Bruxelles? Mwezi wa kwanza?"

"Ni radi ya... baridi."

(Radi ya baridi. Nilisema hivyo. Mimi, mtu mzima.)

Mpoland akakohoa. "Na wewe, Oroveth? Kwako pia kuna radi ya baridi? Mbona mmepiga kelele kwa neno moja?"

Oroveth hakumjibu. Badala yake akasema, si kwa Kiveshu wala kwa Kifaransa:

"Mama Mado... ni weye?"

Wapendwa, nikavuta simu karibu. "Tata Salumu?"

"Njo miye."

Hautaelewa! Nilimwambia hautaelewa! Huyu mtu ambaye, kama alivyotueleza baadaye, aliandika kamusi nzima ndani ya lori, siku zile za mvua anapokwama kwenye tope njia ya Kisenge akisubiri siku tatu avutwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva na simu yake na daftari la shule, akisikiliza watu wa kwenye filamu sentensi moja moja, na dunia nzima ikajifunza kwake. Na mimi nimemshonea huyu mtu suruali. Nimempima kiuno! Sikujua nicheke, nilie au nipige magoti.

Akawasha kamera, kwa mara ya kwanza tangu kundi lianze. Kofia yake nyeupe, na kipande cha sahani mkononi. Mpoland akasimama. Sijui kwa nini, alisimama tu, na wengine wakasimama.

Halafu Mbrazili, polepole: "Ngoja. Lafudhi hii ambayo sote tumejifunza... ni ya wapi?"

"Ya Kolwezi," akasema Tata Salumu.

Miezi kumi na minane! Nimevuta mashavu miezi kumi na minane kutafuta lafudhi ya mstari wa nne! Na kule Warszawa kuna watu wanasema Kiveshu kama mtu wa Kapata, na hawakujua. Hilo bado linanisisimua mwili ninapoliandika.

Ila kiapo hakikusahaulika. Dada wa Québec ni mpole lakini hapindishi. "Sindano ametaja uongo," akasema. (Sindano ndilo jina langu la kundini.) "Sheria inasemaje?"

Tata Salumu akainamisha kichwa. "Sheria ni sheria. Anarudi mwanzo."

Nikashukuru vumbi, maana lilinipa sababu ya kufuta macho. Lakini dada hakuwa amemaliza. "Na wewe? Nani aliwahi kukuapisha wewe? Oroveth, oro thelu?"

Akakigeuza kile kipande cha sahani mkononi.

"Oro ne Kolwezi," akasema. Kisha kwa Kifaransa, ili wote waelewe: "Nilitunga kiapo ili kila mtu ataje kwao, na mimi nikajificha nyuma ya picha ya jiwe. Niliogopa mkijua ni dereva wa lori wa Kolwezi, mtatafuta mwalimu mwingine. Kwa hiyo na mimi narudi mwanzo."

Wakapinga. Akakataa. Basi ndivyo ilivyo: kuanzia Jumatatu, dada wa Québec, ambaye ni Msemaji, atafundisha darasa la wanaoanza, na kwenye benchi la nyuma watakaa mimi na mtu aliyeandika kamusi, tukihesabu moja mpaka kumi. Kabla hatujakata simu waliniuliza tena jiwe langu. Nikavua skafu, nikasema Kapata. Watu arobaini wakajibu "Sanavel" kwa pamoja, na nywele zikanisimama.

Nilipotoka nje kupunga upepo, Tata Salumu alikuwa anakuja na vipande vya sahani kuvitupa shimoni. Tukatazama chini, wote wawili.

"Tata, juu ya nini haukusemaka kama uko huku?"

"Na weye, mama?"

Nikampokea nusu ya vile vipande. Tukielekea shimoni akasema kwamba sahani yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wake, na mkewe, Mama Zaina, ameshaacha kumsemesha kwa lugha yoyote.

Mkitaka kucheka, chekeni, nimeshazoea. Ila kabla ya kudanganya kwamba unakaa Bruxelles, uliza kwanza mgodi unapasua saa ngapi.