Mate ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni
...na isitoshe, alikuwa mwembamba hata kabla hajanioa! Lakini mama mkwe haoni hivyo. Jana kampapasa mbavu mbele yangu, eti, “Mwanangu, hapa unalishwa au unafungishwa saumu?” Asiponenepa, anamchukua akamlishe kwake. Kipenzi changu! Hata zulia la harusi halijachafuka!

Nimelia. Kisha wazo likanijia. Kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi mapokezi kuna tangazo la kipimo cha jeni: mate kidogo tu, unaambiwa mwili wako umezaliwa kupatana na chakula gani. Nitathibitisha wembamba wake ni wa kurithi. Tena kwa mama yake! Mapishi yangu hayana hatia. (Sufuria huungua mara chache tu.)

Jumanne, 4 Juni
Nimewauliza wataalamu. Daktari kasema lishe ya jeni ni jambo kubwa sana, akanituma kwa bwana lishe. Bwana lishe kasema hayo ni ya mfamasia. Mfamasia anaiamini kabisa. Ila ni nini hasa? Kasema nimuulize daktari. Muuguzi mkuu kafunguka: “Shoga, tulifanyiwa semina. Chai ilikuwa nzuri.”

Wote wanaiunga mkono! Nimetiwa moyo.

Jumatano, 5 Juni
Mume wangu kasinzia kwenye kochi, mdomo wazi kidogo. Mzuri, jamani! Maelekezo: kinywa kisiguswe na kitu nusu saa kabla ya kipimo. Nikangoja. Nikajikaza. Nani angeweza? Nikambusu, ndipo nikapitisha kijiti cha kuchukulia mate.

Jumatatu, 17 Juni
Majibu! Nilimwalika mama mkwe kituoni makusudi, daktari asome kwa sauti. Daktari kakohoa. Sampuli imekataliwa: mate ni ya watu wawili, mwanamume na mwanamke.

Mama mkwe kashika kiuno. “Ndiyo maana hanenepi! Hapewi nafasi ya kutafuna!”

Foleni nzima ya wagonjwa ikaangua kicheko.

Jumapili, 23 Juni
Kipenzi changu amechukuliwa. Kanipigia simu kwa kunong’ona: suruali inambana, ila ananiota mimi. Maabara nzima imeshindwa kututenganisha, ataweza mama yake?

Kosa nimeliona. Nilipima mtu asiye sahihi! Wembamba ni wa mama, basi apimwe mama. Bwana lishe kanipa kijiti kingine, kasema nikijua kinavyofanya kazi nimweleze. Na mama mkwe husinzia akishashiba.

Andaa kiti, mama. Kabla mwezi haujaisha, nitakuja kukusalimia.