Albamu Bora ya Tisini na Sita

Jumatatu, 4 Mei
Mwaka wa tano huu kwenye klabu ya santuri. Wanachama wanne: mimi, Shemeji, Dobi na Mwalimu wa jiografia. Kila Mei tunachagua mwaka mmoja, kila mtu analeta albamu moja ya muziki mbadala, tunapiga kura ya siri. Inayoshinda inatundikwa ukutani kwa Dobi, juu ya meza ya pasi, pamoja na jina la aliyeileta. Shemeji yuko ukutani mara mbili. Mwalimu mara moja. Dobi mara moja. Mimi hupata kura moja kila mwaka. Yangu. Safari hii ni mwaka 1996, na nitapanda ukutani, liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Mei
Nimeipata! Kwa muuza vitu vikuukuu, chini ya mifuniko ya sufuria. Jalada lina picha ya kiti kitupu. Mwanamume wa sauti nzito anayaburura maneno kama mtu anayesukuma kabati. Huzuni tupu. Nimelia kidogo. Mke wangu ameuliza kama mashine ya santuri inaumwa. Nimemweleza kwamba muziki mbadala hauna haraka.

Alhamisi, 7 Mei
Shemeji, kaka yake mke wangu, anakaa nyumba ya pili. Tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Leo uani ameniuliza ni kitu gani kinachosikika kwangu kila jioni. Nimejitia hamnazo, nikamjibu ni mashine ya kufulia. Amenitazama mno. Ananipeleleza!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Dobi. Tumepatana nipe nikupe: mimi nimpigie yeye kura, yeye anipigie mimi. Mwalimu naye akidondosha chozi moja tu, zangu ni mbili. Akili ni nywele, na zangu hazijapungua.

Jumamosi, 9 Mei
Aibu! Dobi ameweka sindano kwenye santuri yangu, akatoka mwanamke anaimba mbiombio, kachangamka kama yuko sokoni. Nimeruka, nikasema mashine yake imeharibika. Mwalimu kavaa miwani, kasoma jalada: kasi ya mizunguko arubaini na tano kwa dakika. Akauliza mimi nilikuwa nikisikiliza kwa ngapi. Thelathini na tatu. Wiki nzima. Mwanamume wangu ni mwanamke! Dobi amecheka hadi akaunguza kola ya mteja.

Shemeji hakucheka. Ameomba ipigwe polepole, upande mzima, macho sakafuni. Bila shaka alitaka kuirefusha aibu yangu.

Kura: Dobi mbili, Mwalimu moja, mimi moja, Shemeji sifuri. Nimempigia Dobi, kama nilivyoahidi. Basi hiyo yangu moja imetoka kwake. Muungwana ni ahadi.

Jumapili, 10 Mei
Nimempelekea Dobi sabuni ya shukrani. Ameipokea, akajikuna kisogo, akakiri kwamba alijipigia mwenyewe. Eti mkono ulimponyoka.

Sasa ni nani? Nimemkuta Shemeji uani anaanua nguo. Amesema ni yeye. Alikuwa akiisikiliza kupitia ukuta wetu tangu Jumanne. Amesema tangu mama yao afariki hakuna muziki uliomgusa hivyo, na nisiirekebishe kasi, maana ya polepole ndiyo hasa. Ya kwake aliyoileta ilikuwa kelele tu. Nimempa santuri akae nayo.

Kisha nimekaa nikapiga hesabu. Ningejipigia mwenyewe: mimi mbili, Dobi moja, Mwalimu moja. Ukutani! Nimepiga hesabu mara tatu. Haibadiliki. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na pacha wake.

Jumatatu, 11 Mei
Nimeamka nimetulia. Kosa langu nimeliona: mimi na Dobi hatukuandikishana. Mwakani ni 1997. Asubuhi nimempelekea karatasi: nimpigie, anipigie. Ametia sahihi hata kabla sijamaliza kueleza. Tena kwa furaha. Ukiwa na mtu kama huyo upande wako, unalala usingizi.