Roho ya Zimwi Ndani ya Chupa ya Chai

Jumatatu, 27 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Mwalimu Gulbara amemchagua Saikal aende Naryn kusoma hadithi yake mbele ya mkoa mzima. Yangu imekuwa ya pili. Ya pili! Ati yake ni mpya kabisa. Mpya wapi? Zimwi la vichwa saba, msichana anatupa kitana, kitana kinageuka msitu. Kitana hicho kila bibi hapa kijijini anacho. Nitafuatilia asili ya kila kipande, mwalimu auone wizi. Naryn nitakwenda mimi.

Jumanne, 28 Machi

Nimempelekea Bibi Batma, msimulizi wetu mkongwe, maandazi ya moto. Nikaomba hadithi ya zimwi. Akatoa yote: kitana, msitu, na roho ya zimwi iliyofichwa ndani ya chupa ya chai nyekundu. Hata chupa! Saikal ameiba mpaka kifuniko kilichobonyea. Jirani yake, Bibi Sairash, kasimulia vilevile. Mashahidi wawili. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 29 Machi

Nimemfikisha Bibi Batma kwa mwalimu. Saikal alikuwepo, ametulia kama malaika. Nikatoa mashtaka. Mwalimu akaniuliza mababu zetu walipata wapi chupa ya chai. Nikasema labda kwa misafara ya Wachina.

Bibi Batma akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikamlegea. "Mjukuu wangu, ni Saikal aliyetusimulia usiku ule wa Nooruz, tukikoroga sumolok. Kitana nilimpa mimi. Chupa kaitunga mwenyewe, palepale penye sufuria. Nawe ulikuwepo, umenuna pembeni."

Kweli nilinuna. Saikal alipewa mwiko kabla yangu, na sumolok, uji wa sikukuu ya mwaka mpya, hukorogwa kwa zamu.

Kumbe jina la Bibi Batma liko chini ya hadithi, kaliandika Saikal mwenyewe. Akanimiminia chai. "Kunywa, shoga, upoe." Nikakataa. Baadaye nikanywa kidogo.

Alhamisi, 30 Machi

Nimeosha vyombo kwa kishindo. Mama kaniambia niache kuibamiza chupa ya chai, kifuniko chenyewe kimeshabonyea.

Nikaitazama. Nyekundu. Ndiyo tuliyopeleka kwenye sumolok, na Saikal alikunywa humo.

Basi roho ya zimwi ni ya kwetu. Kesho natafuta mashahidi. Nitaanza na Bibi Batma.