Nilikula Kete Tisa, Ubao Ukaondoka

Bashiri Masoudi,
Mashine ya Kukoboa na Kusaga,
Likunja, Ruangwa.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Drafti ya Nachingwea na Ruangwa.

Ndugu Mwenyekiti Fortunatus,

KUH: KUPOTEZA UBAO NILIOUTENGENEZA KWA MIKONO YANGU

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, kwenye kibaraza cha fundi cherehani Eusebio pale Ruangwa mjini, nilipoteza ubao wa drafti wa mninga ambao niliupiga randa mwenyewe na kuuchoma vyumba vyeusi kwa nondo ya moto. Nimeupoteza kwa Mama Lusiana wa Kiegei, upande wa Nachingwea, na nimeupoteza nikiwa naongoza. Salamu nitazileta mwishoni, maana kwa sasa sina hakika ni nani anazistahili.

Wewe utaratibu wetu unaujua, lakini barua hii itasomwa mbele ya wajumbe, na wapo wajumbe ambao huwa wanafika wakati wa chai. Kila mwaka, mavuno yakishaisha, Nachingwea inaleta mchezaji mmoja na Ruangwa inaleta mmoja. Wanacheza mchezo mmoja tu. Ubao unalala kwa mshindi mpaka mwaka unaofuata. Ubao huu umelala kwangu miaka yote tangu nilipoutoa kwa kamati, mpaka msumari wake wa sebuleni umeacha alama ukutani. Mke wangu Sabaha anaufuta vumbi kabla ya kufuta picha ya harusi yetu. Sasa nimeambiwa uhamie Kiegei. Napinga, na sababu zangu ni hizi.

1. Hesabu. Kila upande ulianza na kete kumi na mbili za vizibo vya soda, vyangu vimelala chali, vyake kifudifudi. Mwisho wa mchezo nilikuwa nimekula tisa zake. Yeye alikuwa amekula nane zangu. Ubaoni zilibaki nne zangu na tatu zake. Mimi naishi kwa kupima, Mwenyekiti. Mteja akija na debe nne za mahindi na mwenzake akija na tatu, sijawahi kumwambia mwenye tatu kwamba yeye ndiye mwenye mzigo mkubwa. Lakini wewe ulisimama, ukavaa miwani, ukatangaza kwamba zamu ni yangu, kete zangu zote nne zimebanana pembeni hazina pa kukanyaga, kwa hiyo nimeshindwa. Nikakuuliza mbele za watu, tangu lini wanne wazima wakashindwa na watatu? Ukanijibu, "Tangu wanne waliposhindwa kutembea, Mzee Bashiri." Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha, na bado nakitafuta.

2. Kulishwa. Mara tatu Mama Lusiana alisukuma kete yake mwenyewe mdomoni mwangu. Kanuni inasema ukikuta cha kula lazima ule, huna ruhusa ya kusema umeshiba. Mara ya kwanza nilidhani macho yake yamechoka, nikamwonea huruma, nikala. Mara ya pili nilikula mbili kwa mkupuo, na jirani yangu Jumanne akajipiga paja kwa furaha. Mara ya tatu nikamwambia, "Mama, leo umekuja kunikaribisha?" Akajibu bila kuinua uso, "Kula, baba. Kwangu hakuna anayeondoka na njaa." Nikala. Kumbe kila nilipokula, kete yangu iliruka ikatua pale alipotaka yeye itue. Mtu akikupa kitu bure ili uende anakotaka yeye, Mwenyekiti, jambo hilo lina jina, na kuna ofisi inayoshughulika nalo. Najua na mpokeaji ana kosa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mimi nilipokea kwa kulazimishwa na kanuni.

3. Uvivu uliopewa tuzo. Katika zile kete tatu zilizombakia, mbili hazikusogea tangu mchezo uanze. Hata chumba kimoja! Zilikaa mstari wa nyumbani kama wazee wa ukweni, zikitazama wenzao wakiliwa. Zangu zilikimbia jua lote, zikavuka, zikaenda kugonga mlango wa mstari huo ili zigeuke kingi, zikawakuta hao wawili wamekaa mlangoni. Hakuna iliyopita. Sasa naambiwa hao wawili ndio walioshinda mchezo. Mimi pale mashineni mtu asiyesogea tangu asubuhi simwiti mshindi. Nawaita wa nyumbani kwao wamchukue.

4. Maneno ya Katibu. Baada ya matokeo, Katibu wako Catherine alinimiminia chai, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa, "Baba, kwa mbinu hakuna anayekufikia wilaya hizi mbili. Ila Mama Lusiana ana mkakati." Nikamuuliza tofauti ni nini, maana kwangu hayo ni maneno mawili yanayovaa kanzu moja. Akasema mbinu ni kujua kete ipi uile sasa hivi. Mkakati ni kujua unataka ubao uweje baadaye, halafu hata ukila, au ukiliwa, ni kwa ajili ya hiyo baadaye. Nikamwambia kumbe mkakati ni mbinu iliyochelewa basi. Akacheka mpaka akamwaga chai kwenye suruali yangu ya mashindano. Sidai suruali. Nadai kwamba katika kanuni zetu zote, zilizoandikwa kwa kalamu ya kamati yenyewe, neno mkakati halimo. Nimeshindwa kwa kitu kisichokuwemo.

5. Mikorosho. Hapa naomba wajumbe waache vikombe wasikilize. Nimeulizia kwa watu wa Kiegei huyu mama ni wa namna gani. Nimeambiwa alipanda mikorosho yake wakati kitinda mimba wake akiwa bado mgongoni, kwenye shamba ambalo kila mtu alimwambia liko mbali. Majirani walimcheka mwaka wa kwanza, wakamcheka wa pili, wa tatu wakachoka. Leo wanaomba kwake miche. Mimi ni mtu wa ufuta. Nauona mwaka ulivyo, napanda, navuna, nauza, mwaka ujao naangalia tena. Hivyo ndivyo nilivyopata baiskeli, kisha mashine chakavu, kisha mashine nzima, kisha bati. Hakuna aliyenishika mkono, na hakuna siku nilikaa kujiuliza kivuli kitaangukia wapi watoto wakishakua. Sasa mnamchukua mtu wa ufuta mnamkalisha mbele ya mtu wa mikorosho, mnasema mchezo uanze! Kwenye ngumi kuna uzito. Mwembamba hapigani na mnene. Kwa nini drafti isiwe na uzito wa mazao?

6. Ushindi wangu wa zamani. Jambo hili linaniuma kuliko yote. Mama Lusiana alicheza nami mwaka juzi, nikamshinda. Akacheza nami mwaka jana, nikamshinda, akanipongeza, akaja mpaka nyumbani kumsalimia Sabaha. Nikakumbuka juzi nikiwa kitandani kwamba siku ile alisimama chini ya ubao, akaupima kwa shubiri, akauliza msumari wake ni wa inchi ngapi. Nilimjibu kwa majivuno. Mwenyekiti, mtu gani anayeshindwa anauliza saizi ya msumari? Naomba ushindi wangu wa miaka hiyo miwili uchunguzwe nao, maana sasa sijui kama niliupata au nilipewa.

Kutokana na hayo, naiomba kamati yako iamue kama ifuatavyo.

(a) Kuanzia sasa aliyekula kete nyingi ndiye mshindi, nukta. Kula ni kula, na kubanwa ni ajali ya barabarani.

(b) Kete isiyosogea mchezo mzima ihesabiwe kuwa haikuhudhuria.

(c) Mchezaji anayewaza zaidi ya hatua tatu mbele atangaze kwa sauti anachokusudia, ili na mwenzake ajipange. Ubao ni wa wote wawili, iweje mawazo yawe ya mmoja?

(d) Watu wa mikorosho wacheze wenyewe kwa wenyewe, hata kama mchezo mmoja utachukua msimu. Wao wamezoea kungoja.

(e) Jumanne apewe onyo. Mtazamaji haruhusiwi kusema, lakini tangu zamani anaruhusiwa kukohoa. Jumanne alikohoa baada ya mimi kula, badala ya kabla. Kikohozi cha kuchelewa hakina faida kwa mgonjwa wala kwa ndugu.

Kuhusu ubao wenyewe, wajumbe wasihangaike kutuma mtu. Bado uko sebuleni kwangu, msumarini, na kanuni iko upande wangu. Mtakumbuka mwaka ule Mzee Saturnini wa Nachingwea alipokuwa analalamika asubuhi na kudai marudiano jioni, mpaka tukachoka. Ni mimi niliyesimama nikapendekeza kwamba ubao usihame mpaka malalamiko yajibiwe, lakini mlalamikaji akikaa tena kucheza na yule aliyemlalamikia, basi amekubali matokeo, malalamiko yamekufa, na ubao unaondoka siku hiyo hiyo. Nilipigiwa makofi. Ni kanuni nzuri, fupi, haina mlango wa nyuma. Kwa kanuni hiyo nitaukalia ubao huu kwa amani mpaka mnijibu, na kwa jinsi kamati hii inavyojibu barua, huenda mwakani nikaucheza tena nikiwa nimeukalia.

Mnisalimie Eusebio, na mwambieni kibaraza chake kina mteremko upande niliokaa mimi. Msalimieni Catherine, suruali imefuliwa. Mzee Saturnini naye mpeni salamu, mwambieni kwamba sasa namwelewa kidogo. Wana Nachingwea wote na wana Ruangwa wote nawasalimu, isipokuwa waliocheka kwenye sababu namba moja, ambao watasalimiwa wakishaomba radhi.

Ni mimi, mwenye ubao,

Bashiri Masoudi.

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii ilikuwa iondoke jana, Jumatano. Nikiwa natafuta bahasha, Mama Lusiana akafika Likunja kwa bodaboda na kikapu cha korosho zilizobanguliwa, kuja kumpa Sabaha pole. Pole ya nini, hawakuniambia. Alikaa chini ya ubao. Hakuutaja. Alikunywa chai, akausifu mninga, akasema anaomba tu auguse. Nikautungua. Akauliza vizibo huwa nahifadhi wapi. Nikavileta. Akasema, "Mmoja tu, baba, wa kusindikiza chai. Huu hauna mashindano."

Mwenyekiti, elewa hali yangu. Ili kuandika barua hii nilikuwa nimekaa siku nzima nikipanga upya mchezo wa Jumamosi, hatua kwa hatua, kutafuta alikonionea. Mitego yake yote nilikuwa naijua kwa jina. Nikakaa. Nikaziacha kete zangu mbili mstari wa nyumbani, nikaziambia kimoyomoyo zisisogee hata nyumba ikiungua. Nikamtolea moja, akala. Nikamtolea nyingine, akala, akasema asante. Nikamtolea na ya tatu. Mwishoni alikuwa amekula kete zangu tisa, mimi nimekula zake saba, na zake zote zimebanana pembeni hazina pa kwenda. Nilipiga kelele, Sabaha akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeungua. Nikamwambia, "Mke wangu, nimeshinda kwa mkakati!"

Mama Lusiana akasimama, akanipa mkono, akaufunga ubao ndani ya khanga yake. Akasema, "Umecheza vizuri sana, baba. Na kanuni yako nayo nzuri." Dereva wa bodaboda alikuwa bado yuko nje. Hakuwa amevua hata helmeti.

Nimekaa na jambo hili mpaka asubuhi ya leo. Mkikubali ombi langu (a), kwamba aliyekula nyingi ndiye mshindi, basi Jumatano nimeshindwa. Mkilikataa, nimeshindwa Jumamosi. Mkisema malalamiko yamekufa kwa kuwa nilikaa tena kucheza, yameuawa na kanuni yangu mwenyewe. Nimegeuka pande zote nne, Mwenyekiti, sina pa kukanyaga.

Kwa hiyo futeni yote niliyoandika hapo juu, kuanzia kichwa cha habari. Ubao umekwenda, na ulale salama huko Kiegei. Jumanne asionywe. Ninabaki na swali moja tu. Mama Lusiana mwenyewe nimempigia simu kumuuliza, akacheka, akanikaribisha kwenye mikorosho. Wewe umemwona akicheza miaka mingi kuliko mimi. Nijibu kwa neno moja, Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, nitakuwa mashineni nimezima injini ili nisikie simu: mchezo wa Jumatano, nilishinda, au nililishwa?